Kimya cha Nyambene: Fuwele ndogo zinavyosimulia safari ya magma chini ya ardhi

Na MWANDISHI WETU

KWA mkazi wa Isiolo, jiwe jeusi si kitu cha ajabu. Limetapakaa katika nyika za Shaba na Kinna, mifugo hulikanyaga kila siku, na maji ya chemchemi hububujika pembezoni mwake hata wakati wa kiangazi kikali.

Jiwe hilo halikuwa jiwe tangu awali. Lilikuwa uji wa moto uliopasua ardhi katika safu ya milima ya Nyambene, kaskazini mashariki mwa Mlima Kenya, ukateremka hadi tambarare ambazo leo ziko katika Kaunti ya Isiolo, kisha ukapoa na kuganda.

Hakuna mlipuko wowote wa Nyambene ulioandikwa katika historia. Juu ya miteremko yake wakulima hupanda miraa na majani chai, na wengi huitazama milima hiyo kama milima mingine yoyote. Hata hivyo, vilima vingi vyenye umbo la pia vilivyotawanyika katika safu hiyo bado havijaliwa sana na mvua na upepo, jambo linaloonyesha kuwa kwa hesabu ya wanajiolojia moto wake si wa zamani sana.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Swali ambalo wataalamu wa volkano hujiuliza ni hili: mlima usio na kumbukumbu ya maandishi wala ya mdomo utaelezaje tabia yake? Jibu limo ndani ya mawe yenyewe, katika punje ndogo zinazoitwa fuwele.

PUNJE ZINAZOMETA

Ukivunja kipande cha jiwe la volkano la aina inayopatikana Nyambene na kukigeuza juani, mara nyingi utaona punje za kijani zinazometa kama vigae vya chupa. Hizo ni fuwele za olivini, madini yaliyopewa jina hilo kwa sababu ya rangi yake inayofanana na zeituni. Kando yake huwa kuna fuwele nyeusi za piroksini na, katika mawe mengine, fuwele nyeupe za feldispa.

Fuwele hizi hazikuzaliwa siku ambayo lava ilimwagika. Nyingi zilianza kuota zikiwa bado chini ya ardhi, ndani ya magma, yaani mawe yaliyoyeyuka kabla hayajafika juu. Anayechemsha maji ya bahari hadi punje za chumvi zijitokeze ataelewa jambo hili upesi. Kimiminika kinapobadilika hali, baadhi ya vitu vilivyomo hushindwa kubaki vimeyeyuka, vikajikusanya na kuwa punje ngumu.

Tofauti ni kwamba magma ina vitu vingi zaidi ya chumvi. Ina silika, magnesi, chuma, alumini, kalsiamu, sodiamu na potasiamu, pamoja na mvuke wa maji, kaboni dioksaidi na gesi za kiberiti. Kila fuwele inapoota huchagua baadhi ya vitu hivyo na kuviacha vingine. Uchaguzi wake hutegemea mambo matatu: magma ina nini wakati huo, ina joto kiasi gani, na inabanwa na uzito kiasi gani wa mawe yaliyo juu yake.

Kwa sababu hiyo, anayejua fuwele imebeba nini anaweza kurudi nyuma na kukadiria mahali na hali ilimozaliwa. Hiyo ndiyo kazi ya kemia ya fuwele.

KITABU CHA MATABAKA

Fuwele huota kutoka ndani kwenda nje, tabaka juu ya tabaka, mithili ya kitunguu. Tabaka la katikati ndilo kongwe, na la ukingoni ndilo la mwisho kabla ya mlipuko.

Chukua mfano wa olivini. Madini haya hubeba magnesi na chuma, na vitu hivyo viwili hupokezana nafasi. Magma ikiwa bado moto sana, karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi, olivini hupendelea magnesi. Magma inapopoa na magnesi kupungua, matabaka yanayofuata huwa na chuma zaidi. Hivyo fuwele ya kawaida huwa na moyo wa magnesi na ukingo wa chuma.

Lakini zipo fuwele zilizo kinyume. Moyo wake una chuma kingi, kisha ghafla linafuata tabaka lenye magnesi tele. Msomaji wa fuwele akiliona tabaka hilo hujua kwamba palitokea jambo: magma iliyokuwa imetulia na kupoa ilivamiwa na magma mpya, yenye moto zaidi, kutoka chini. Mara nyingi uvamizi wa namna hiyo ndio huamsha volkano iliyolala.

Ili kuyasoma matabaka hayo, jiwe hukatwa na kusagwa hadi libaki kipande chembamba chenye unene wa milimita 0.03, ambacho mwanga hupenya. Kwanza kipande hicho hutazamwa kwa hadubini. Baadaye kipande kilichong'arishwa huingizwa katika mashine inayokipiga kwa mshale mwembamba wa elektroni, ambao doa lake huwa na upana wa takriban elfu moja ya milimita. Kila elementi ikipigwa hutoa eksirei za aina yake, na mashine huzipima na kusema hapa pana magnesi kiasi hiki na pale pana chuma kiasi kile. Kwa njia hiyo fuwele isiyozidi punje ya mchele hupimwa katika mamia ya vituo, kutoka moyoni hadi ukingoni.

KINA CHA GHALA LA MOTO

Jambo la kwanza ambalo fuwele huweza kueleza ni kina ambacho magma ilitua kabla ya kupanda.

Piroksini ni shahidi mzuri katika hili. Inapobanwa sana, kama inavyokuwa kilomita nyingi chini ya ardhi, hukubali kubeba sodiamu na alumini zaidi katika umbo lake. Wataalamu wamepika mawe katika maabara kwa joto na shinikizo linalojulikana, wakapima piroksini iliyoota, na kutengeneza kanuni za kukadiria kina. Kanuni hizo si mizani ya dhahabu, kwani huweza kukosea kwa kilomita kadhaa, lakini zinatosha kutofautisha ghala la magma lililo karibu na uso wa dunia na lile lililo chini kabisa ya ukoko.

Shahidi wa pili ni matone. Fuwele inapoota haraka huweza kufungia ndani yake tone dogo la magma, kama mdudu anavyonaswa katika utomvu wa mti. Tone hilo huhifadhi maji na kaboni dioksaidi ambavyo vingetoroka hewani. Kwa kuwa magma huweza kushikilia kaboni dioksaidi nyingi zaidi ikiwa chini sana, kiasi kilichomo ndani ya tone, pamoja na kile kilicho katika kiputo chake, hufichua kina ambacho mlango ulifungwa.

Vipimo hivi huwa na maana vikilinganishwa na unene wa ukoko wa dunia katika eneo husika. Nchini Kenya ukoko huo ulipimwa na wanasayansi wa mradi wa KRISP kati ya miaka ya 1985 na 1994, kwa kulipua baruti na kusikiliza mitikisiko yake. Waligundua kuwa ndani ya Bonde la Ufa ukoko una unene wa karibu kilomita 35 chini ya Naivasha, na hupungua hadi kilomita 20 hivi chini ya Ziwa Turkana.

SAA ILIYOMO NDANI YA JIWE

Jambo la pili ni muda, na hapa ndipo fuwele zinapowagusa wananchi moja kwa moja.

Tuseme tabaka jipya la magnesi limeota juu ya moyo wa chuma. Siku ya kwanza mpaka kati yao ni mkali kama ukingo wa kisu. Lakini fuwele ikiendelea kukaa katika moto, atomi za magnesi na chuma huanza kubadilishana nafasi polepole, na mpaka hufifia. Ni kama leso mpya iliyolowa maji, ambayo rangi ya pindo lake huchujuka na kuingia katika nyeupe iliyo kando. Kadiri inavyokaa majini, ndivyo mchujuko unavyopanuka.

Kasi ya mchujuko huo katika olivini imepimwa maabarani. Kwa joto la takriban nyuzi 1,200, mpaka uliofifia kwa upana wa elfu 10 za milimita ni kazi ya siku au majuma machache. Uliofifia kwa upana mara 10 zaidi ni kazi ya miaka, kwa sababu upana ukiongezeka mara 10, muda huongezeka mara 100.

Magma inapotoka nje na kupoa ghafla, saa husimama. Ndiyo maana watafiti hupendelea kokoto nyepesi zenye matundu zinazorushwa na volkano na kupoa angani, kuliko lava nene iliyochukua siku nyingi kupoa huku saa yake ikiendelea kwenda.

Mbinu hii imejaribiwa pale ambapo jibu lilikuwa linajulikana. Mlima St. Helens nchini Marekani ulilipuka Mei 18, 1980, na kuendelea kutoa lava kwa vipindi hadi 1986, huku matetemeko na gesi zake zikipimwa. Mwaka 2012 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima kingo za fuwele zake za piroksini. Waliona kwamba kingo nyingi ziliota katika miezi 12 iliyotangulia milipuko, na kwamba vipindi vya kuota kwake vililingana na vipindi ambavyo matetemeko na gesi ziliongezeka. Kwa maneno mengine, jiwe lilithibitisha kile ambacho mitambo ilikuwa imesikia.

Mwaka uliofuata, watafiti wengine walieleza katika jarida la Nature habari za Irazú, volkano ya Costa Rica iliyolipuka kuanzia 1963 hadi 1965. Katika olivini zake walikuta matabaka yenye nikeli nyingi ambayo hayakuwa yamefifia. Walikata shauri kuwa magma ilipanda kutoka kina cha karibu kilomita 35, chini ya ukoko, hadi juu katika muda wa miezi au miaka michache tu. Hapo awali wengi walidhani safari kama hiyo huchukua muda mrefu zaidi.

NYAMBENE NA SURA ZAKE MBILI

Turejee sasa Nyambene. Wanajiolojia waliochunguza safu hiyo wameonyesha kuwa mawe yake yanaanzia basanaiti, jiwe jeusi lenye magnesi nyingi, hadi fonolaiti, jiwe la rangi ya kijivu lenye silika, sodiamu na potasiamu kwa wingi.

Basanaiti hutokana na kuyeyuka kwa sehemu ndogo tu ya mwamba ulio chini ya ukoko, katika tabaka la mantili. Ni magma iliyofika juu bila kubadilika sana njiani. Fonolaiti ni mjukuu wake. Magma ya basanaiti ilipotua chini ya ardhi na kupoa, olivini, piroksini na madini mengine yaliota na kujitenga, yakaondoka na magnesi, chuma na kalsiamu. Kilichobaki kilikuwa tofauti kabisa na kilichoanza, kama maziwa yaliyotolewa siagi yasivyokuwa tena maziwa yale ya mwanzo.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa usalama. Basanaiti ni laini na hutiririka, na gesi zake hutoroka kwa wepesi. Kwa kawaida huzaa vilima vidogo na mito ya lava ambayo mtu huweza kuikimbia, ingawa nyumba, barabara na visima haviwezi. Ikikutana na maji mengi ya chini ya ardhi, hata hivyo, hulipuka na kuchimba mashimo mapana kama yale ya Marsabit, ambayo wenyeji huyaita gof.

Fonolaiti ni nzito na yenye kunata. Gesi hunaswa ndani yake hadi shinikizo lipite kiasi. Mlipuko wa Vesuvius wa mwaka 79, ulioufukia mji wa Pompeii nchini Italia, ulitokana na magma ya jamii hiyo. Hii haina maana kwamba Isiolo ni Pompeii. Maana yake ni kwamba kuwapo kwa fonolaiti ni ushahidi wa magma kuwahi kutua na kukaa chini ya Nyambene kwa muda wa kutosha kubadilika.

Kwa hiyo safu moja ina tabia mbili. Kuna magma iliyopanda bila kupumzika sana, na kuna iliyoweka kambi. Ya kwanza hutoa onyo fupi. Ya pili huweza kutoa dalili kwa muda mrefu zaidi, lakini ghadhabu yake ni kubwa. Ni lazima kila kilima kichunguzwe peke yake, kwa fuwele zake, ili ijulikane ni cha tabia ipi.

Mfano wa kasi hiyo hauko mbali. Kwenye barabara ya Moyale, kaskazini mwa Isiolo, lava za Marsabit zimebeba vipande vya mwamba wa mantili vilivyong'olewa chini ya ukoko. Vipande hivyo ni vizito kuliko magma iliyovibeba. Kama magma ingejikokota njiani, vingezama na kubaki huko huko. Kufika kwake juu ni ithibati kwamba magma iliyovileta ilipanda upesi.

MENENGAI NA PAKA

Kenya imewahi kuigusa magma yenyewe. Katika visima vya mvuke vilivyochimbwa na Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi (GDC) ndani ya kaldera ya Menengai, karibu na Nakuru, mitambo ilikwama kwenye kina cha zaidi kidogo ya kilomita 2. Vipande vilivyoletwa juu vilikuwa kioo kipya, yaani magma iliyogandishwa ghafla na maji ya uchimbaji. Ghala la moto lilikuwa karibu kuliko wengi walivyodhani.

Nako Baringo, setilaiti zilionyesha kuwa ardhi ya mlima Paka iliinuka kwa karibu sentimita 21 katika miezi tisa kati ya 2006 na 2007, pasipo mlipuko wowote kufuata. Longonot nayo iliinuka kwa sentimita 9 hivi kati ya 2004 na 2006. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yaliondoa dhana kwamba volkano za Kenya ni mizoga.

Setilaiti huona kwamba ardhi imevimba, lakini haziwezi kusema peke yake kama uvimbe wa namna hiyo katika mlima huo huishia kwa mlipuko au kwa kimya. Hapo ndipo fuwele zinapohitajika. Zikionyesha kwamba katika milipuko iliyopita magma mpya iliingia miezi sita kabla, basi uvimbe unaoonekana leo hupewa uzito wake unaostahili.

MIPAKA YA USHAHIDI

Fuwele husimulia mlipuko uliopita, si ule unaokuja. Aidha, fuwele zilizomo katika jiwe moja huenda hazikuzaliwa pamoja; magma inapopanda hukusanya fuwele kongwe njiani, kama mto unavyozoa magogo ya kila kijiji. Anayepima fuwele tatu au nne huweza kupotoka. Kazi ya kuaminika hupima fuwele nyingi kutoka mahali pengi, kisha hulinganisha mashahidi kama mahakama inavyofanya.

Ni lazima pia vipimo vya mawe viandamane na mitambo ya kupima matetemeko, vipimo vya gesi na macho ya setilaiti. Fuwele bila mitambo ni historia tupu, na mitambo bila fuwele ni kengele ambayo hakuna ajuaye maana ya mlio wake.

KWA NINI ISIOLO IJALI

Mtu anaweza kuuliza ni ya nini kuhangaikia mlima uliolala kwa vizazi vingi. Jibu limetolewa na majirani zetu. Juni 2011 volkano ya Nabro nchini Eritrea, ambayo haikuwa na mlipuko wowote katika kumbukumbu za maandishi, ililipuka na kusababisha vifo. Novemba 2025 Hayli Gubbi, katika eneo la Afar nchini Ethiopia, nayo ilivunja kimya chake, majivu yake yakavuka Bahari ya Shamu na kuvuruga safari za ndege hadi India.

Isiolo si nyika tupu tena. Ni njia panda ya barabara ya Moyale, ina uwanja wa ndege, na imo katika ramani ya mradi wa LAPSSET unaonuiwa kuiunganisha Lamu na Ethiopia pamoja na Sudan Kusini. Wafugaji na wanyamapori wa Shaba na Buffalo Springs hutegemea chemchemi za eneo hilo. Mkondo mmoja wa lava ungeweza kuziba njia ya maji ambayo maelfu ya mifugo huitegemea.

Hakuna sababu ya hofu. Miaka ya volkano huhesabiwa kwa maelfu, na kizazi hiki huenda kikapita bila kuona hata moshi. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na asiyejua sura ya wingu la mvua atalowa akiwa analitazama. Kujua kama magma ya Nyambene huchukua siku, miezi au miaka kupanda ndiko kutakakoamua iwapo mpango wa kuwahamisha watu uwe wa saa chache au wa majuma.

Gharama ya kupata elimu hiyo si kubwa ukilinganisha na ujenzi wa kilomita chache za lami. Inahitaji vijana wa jiolojia kutoka vyuo vikuu vyetu, nyundo, magunia ya sampuli kutoka kila kilima, na nafasi katika maabara yenye mashine za elektroni. Mawe yenyewe yapo tayari juu ya ardhi, kutoka Kinna hadi Shaba, na kila moja limebeba ndani yake tarehe za safari yake.